Wimbo Usioimbwa



Mama mmoja wa darasa letu la jioni aliwauzia wachuuzi wa mjini magunia matatu ya mahindi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, naye alitaka fedha upesi. Walipokuwa wakipakia kwenye lori, mchuuzi mmoja alimwambia mwenzake kwa Kiingereza, "We got it for a song." Wakacheka. Mama alitambua neno moja tu, "song", yaani wimbo. Jioni akaniuliza, "Mwalimu, wale watu waliimba wimbo gani? Mbona mimi sikuusikia?"

Nilinyamaza kidogo. Maana ya maneno yale ni hii: "Tumeyapata kwa bei ya kutupa."

Ndivyo misemo ilivyo. Unaweza kujua kila neno, na maana ikakupita. Hata sisi tukisema fulani anapigiwa debe, hakuna bati linalogongwa. Basi tujifunze misemo mingine minne ya Kiingereza iliyotoka kwenye muziki.

1. "To face the music." Ukifuata maneno, ni kuukabili muziki. Maana yake ni kukabili matokeo ya kosa lako. Mweka hazina aliyekula fedha za chama atakutana na "muziki" huo siku ya mkutano. Hapo hapachezwi ngoma, panaulizwa maswali.

2. "To blow your own trumpet." Ni kupuliza tarumbeta lako mwenyewe, yaani kujisifu. Sisi tunasema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

3. "To play second fiddle." Katika bendi kubwa za Ulaya, wapiga fidla hugawanywa makundi mawili. Mara nyingi kundi la kwanza hubeba sauti kuu, na la pili husaidia. Kwa hiyo msemo huu maana yake ni kuwa chini ya mwenzako: yeye mbele, wewe nyuma.

4. "He who pays the piper calls the tune." Mpiga zumari hupiga wimbo anaoutaka anayemlipa. Yaani, mwenye kutoa fedha ndiye mwenye kuamua. Ukigharimiwa kila kitu, usishangae ukichaguliwa kila kitu.

Shika jambo moja: ukisikia neno la muziki mahali pasipo na muziki, usikimbilie kutafsiri. Uliza kwanza. Kuuliza si ujinga.

Yule mama aliuliza. Msimu uliofuata alipita sokoni kujua bei kabla ya kufungua ghala lake. Wachuuzi walipoanza tena Kiingereza chao, aliwaambia, "Jamani, leo hapa hakuna wimbo." Walilipa bei ya soko.

ZOEZI. Andika katika daftari lako:

(a) Jirani yako ameuza mbuzi mzima kwa bei ya kuku. Ni msemo gani unafaa?

(b) Taja misemo miwili ya Kiswahili yenye neno "ngoma", kisha eleza maana yake.

Tukutane somo lijalo.