Dondoo Muhimu: Risasi Tulivu za Shabaha kwa Rivolva ya .38 Special

Kwa walenga shabaha wa Marekani wanaojijazia risasi nyumbani, .38 Special ya mwaka 1898 bado ni chaguo langu la kwanza: haitingishi sana mkono. Anza na kichwa cha risasi. Chukua cha madini ya risasi, bapa mbele, cha greni 148 (kama gramu 9.6). Hutoboa karatasi tundu safi la duara, na alama husomeka bila ubishi. Chenye shimo kitakoni kisisukumwe kwa kasi. Ukingo wake mwembamba waweza kukatika ukabaki mtutuni.

Baruti ndiyo ya kuhofia. Ile iunguayo haraka, kama Bullseye, hutumika kidogo mno, na ganda la .38 Special lina nafasi kubwa: kipimo maradufu huingia bila kuonekana. Mulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kichwa. Fuata jedwali la mtengenezaji wa baruti, wala usishuke chini ya kiwango chake cha chini kabisa. Kichwa kikikwama mtutuni kwa baruti haba, risasi inayofuata yaweza kuupasua.

Fataki ziwe ndogo, za bastola, za kawaida. Maganda yawe ya kiwanda kimoja ili vichwa vibanwe sawasawa. Ukimaliza, nawa mikono kabla ya kugusa chakula. Madini ya risasi ni sumu.