Je, Kuna Ndoa Yenye Nyota Mbaya?

Mambo yanapokwenda kombo katika nyumba, hasa miaka ya kwanza ya ndoa, kuna neno ambalo huanza kusikika. Ng'ombe wa maziwa amekufa, baba ameachishwa kazi, mtoto anaugua kila mwezi, na watu wanasema, "Tangu huyu aolewe hapa hatujaona mema." Huyu anasema mke ameleta mkosi, yule anasema nyota ya mume imefifia. Huenda neno hilo likasemwa kwa mzaha, lakini likishaingia moyoni halitoki upesi. Wako wake waliorudishwa kwao kwa ajili yake, bila kosa lolote.

Basi leo tujifunze pamoja: Bahati ni nini? Je, mtu aweza kuiongeza? Na nyinyi wawili mliofunga ndoa mbele ya altare, mwichukulieje?

1. Bahati haikai ndani ya mtu

Bahati ni jambo linalotupata, jema au baya, bila sisi kulipanga. Biblia haikatai kwamba mambo kama hayo yapo. Mhubiri, katika sura ya 9, anaeleza kuwa hata mkimbiaji hodari huweza kushindwa, kwa sababu si kila kitu hutegemea nguvu na akili zetu. Wahenga nao walisema: jitihada haiondoi kudura.

Lakini bahati si kama damu, ambayo mtu huzaliwa nayo na kuhama nayo kutoka nyumba moja hadi nyingine. Rusha sarafu hewani. Hata ikiangukia upande wa kichwa mara tano mfululizo, mara ya sita nafasi bado ni nusu kwa nusu. Sarafu haina kumbukumbu. Mwaka 1913, katika kasino ya Monte Carlo, kijipira cha mchezo kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Wachezaji walizidi kuweka fedha kwenye nyekundu, wakiamini kwamba sasa ni zamu yake, na wengi walipoteza mali nyingi. Walidhani bahati ina deni kwao.

2. Mikosi ambayo si mikosi

Mambo mengi tunayoyaita mkosi wa ndoa yana sababu inayojulikana. Tutazame matatu.

Kwanza, mama anayezaa wasichana watupu. Wengine humwambia hana bahati ya wavulana. Ukweli ni kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa msichana au mvulana. Yai la mama halichagui. Mume anayemlaumu mkewe kwa jambo hili anamlaumu kwa kitu kilichotoka kwake mwenyewe, naye pia hakukichagua.

Pili, watoto wanaougua ugonjwa wa siko seli, ambao ni wa kawaida zaidi katika sehemu za Ziwa Victoria na pwani yetu. Ikiwa baba na mama wote wawili wamebeba urithi wa ugonjwa huo bila wao kuugua, basi katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Kila mimba ni kama kurusha sarafu upya. Wenzi wengine huzaa watoto wanne wazima, na wengine huzaa wagonjwa wawili wakifuatana. Huo si uchawi wa shangazi. Kipimo cha damu huonyesha hali ya wazazi wote wawili, na mtoto akijulikana mapema huanza kutunzwa mapema.

Tatu, mama ambaye mtoto wa kwanza alizaliwa salama, kisha waliofuata wakafa tumboni au mara baada ya kuzaliwa. Sababu zaweza kuwa nyingi, na mojawapo ni damu ya mama ya kundi hasi kutopatana na ya mtoto aliye chanya. Hilo hugunduliwa kliniki wakati wa ujauzito. Ikiwa mtoto amezaliwa na damu chanya, mama hupaswa kudungwa sindano maalum ndani ya saa 72 ili kuzilinda mimba zijazo. Familia inayokwenda kwa mganga badala ya kliniki yaweza kupoteza fedha, muda, na mtoto mwingine.

Watu walipomtajia Yesu wale waliouawa na Pilato, yeye mwenyewe aliwakumbusha wengine 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wabaya kuliko wenzao (Lk 13). Wanafunzi walipouliza ni nani aliyekosa hata mtu akazaliwa kipofu, alijibu kuwa si yeye wala wazazi wake (Yn 9). Basi, sisi ni nani hata tumpe mkosi yule tuliyepewa awe mwenzi wetu? Na Katekisimu, katika vifungu 2116 na 2117, inatukataza kuwaendea wapiga ramli na wachawi, hata kama nia yetu ni kupata afya.

3. Bahati ya kununuliwa

Siku hizi bahati huuzwa kwa simu. Baba amekaa sebuleni, mama akidhani anasoma ujumbe, kumbe anabashiri mechi. Tuhesabu. Katika shindano la kubashiri mechi 17, kila mechi ina matokeo matatu: mwenyeji ashinde, mgeni ashinde, au watoke sare. Namna za kupanga matokeo hayo ni 129,140,163. Anayeujua mpira atabahatisha vizuri kidogo kuliko asiyeujua, lakini bado yuko mbali sana na ushindi. Wakati huo huo, shilingi 100 kila siku ni shilingi 36,500 kwa mwaka. Hiyo ni karo, au ni mbuzi kadhaa.

Kanisa halisemi kwamba kila mchezo wa kubahatisha ni dhambi. Kifungu 2413 cha Katekisimu kinafundisha kuwa mchezo huo huwa mbaya pale unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea, na kwamba tamaa yake yaweza kumfanya mtu mtumwa. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: fedha unazocheza, mwenzi wako anazijua? Ikiwa unazificha, umekwisha kujijibu.

4. Namna ya kuongeza bahati

Je, kuna bahati inayoweza kuongezwa? Ndiyo, kwa kiasi. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Richard Wiseman, aliyetoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 2003, aliwapa gazeti watu waliojiona wenye bahati na wale waliojiona wenye mkosi, akawaomba wahesabu picha zilizomo. Ukurasa wa pili ulikuwa na tangazo kubwa likisema waache kuhesabu, picha ni 43. Waliojiona na bahati walielekea kuliona. Waliojiona na mkosi walielekea kulipita, wakaendelea kuhesabu. Wiseman alieleza kwamba mtu mwenye wasiwasi huona kile anachokitafuta tu, hata jema likiwa mbele ya macho yake.

Someni pia Kitabu cha Ruthu, sura ya 2. Mjane huyo alitoka kuokota masazo, na ikatokea kwamba shamba aliloingia lilikuwa la Boazi. Tunaweza kuiita bahati, na mwamini anaona mkono wa Mungu. Lakini kama Ruthu angebaki nyumbani akilia na Naomi, shamba hilo asingelifikia. Riziki ya mbwa iko miguuni mwake.

Kwa hiyo, katika nyumba yenu fanyeni haya:

- Tokeni mkutane na watu. Habari ya kazi, ya shamba la kukodi au ya daktari mzuri hupatikana kwa majirani, katika Jumuiya Ndogo Ndogo na katika chama.
- Wekeni akiba, hata ikiwa ndogo. Gharama ileile ya hospitali huiangusha nyumba isiyo na kitu, na huisumbua tu nyumba iliyojiandaa.
- Kila jioni kabla ya sala, kila mmoja ataje jema moja alilotendewa na mwenzake siku hiyo. Macho huzoea kuona kile yanachofundishwa kutafuta.
- Msipime ndoa yenu kwa ya jirani aliyejenga juzi. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

5. Mliahidiana nini?

Hata hivyo, fanyeni yote hayo na bado mvua yaweza kukosa kunyesha, na kazi yaweza kwisha. Hapo kumbukeni siku ya arusi. Hakuna aliyemwahidi mwenzake kwamba atamletea bahati. Mliahidi kuwa waaminifu katika taabu na raha, katika ugonjwa na afya. Maana yake ni kwamba siku mbaya zilikuwa zimetajwa tangu mwanzo. Zikija, hazionyeshi kuwa mlikosea kuoana. Zimekuja kama zilivyotarajiwa, na ahadi ile ilitolewa kwa ajili yake. Mke anayesikia mumewe akiwaambia ndugu zake, "Mke wangu si mkosi, tumepatwa sote wawili," amepata kitu ambacho mganga hawezi kumuuzia.

Maswali ya kujadiliana mkiwa wawili

1. Je, nimewahi kumwambia mwenzangu, hata kwa utani, kwamba ana mkosi? Nifanye nini ili kulifuta neno hilo?
2. Ni tatizo gani nyumbani kwetu tunaloliita bahati mbaya, ambalo hatujalipeleka kliniki au kwa mtaalamu?
3. Je, kuna fedha ninazotumia ambazo mwenzangu hazijui?
4. Ni jema gani tulilopata mwaka huu ambalo hatujamshukuru Mungu kwa ajili yake?

Mungu awabariki, na azilinde ndoa zenu.