Mama Amekwama Mombasa

Swali: Mimi ni raia wa Marekani, nakaa Minneapolis. Ombi la kumdhamini mama yangu, aliyeko Mombasa, lilikubaliwa mapema mwaka 2020. Sasa ni 2021, mwaka mzima na zaidi umepita, na hajaitwa. Nimekosea wapi?

Jibu: Hukukosea, ndugu yangu. Mnamo Machi 2020 balozi za Marekani zilisimamisha huduma za kawaida za viza, na mwezi uliofuata Rais Donald Trump akatoa amri ya kuwazuia wahamiaji, ambayo, ijapokuwa iliwasamehe wake, waume na watoto wadogo wa raia, haikuwasamehe wazazi, jambo ambalo kwangu mimi halikuwa la insafu hata kidogo. Rais Joe Biden aliibatilisha tarehe 24 Februari 2021. Lakini majalada yaliyorundikana hayakuondoka pamoja nayo, na kwa kuwa viza za wazazi wa raia hazina kikomo cha idadi kwa mwaka, kinachomchelewesha mama, ikiwa hati zake zimekamilika, ni zamu ya mahojiano huko Nairobi. Usimharakishe kwenda kupimwa afya kabla hajapewa tarehe, maana majibu ya daktari kwa kawaida hayadumu zaidi ya miezi 6, na gharama italipwa mara mbili.