Kobe wa Maji wa Ziwa Turkana: Jinsi ya Kuwatambua

Mvuvi wa Kalokol akikuta kobe wavuni, mara nyingi husema tu, "Ni kobe." Lakini kobe ni wa namna nyingi, na si vigumu kuwatofautisha. Tazama alama hizi:

1. Kobe wa gamba laini. Gamba lake ni bapa, limefunikwa na ngozi, wala halina vipande. Pua yake ni kama mrija, naye huitoa juu ya maji avute hewa. Kila mguu una kucha tatu. Gamba laweza kufikia sentimeta 90. Yuko pia katika Mto Naili, kama sangara. Ni dalili kwamba hapo kale maji ya ziwa hili yaliungana na ya mto huo.

2. Kobe wa tope wa Turkana. Huyu ni mdogo, sentimeta 15 hivi, na gamba lake ni gumu lenye vipande. Shingo yake huikunja kando. Mgeuze utazame tumbo: sehemu ya mbele ina bawaba, nayo hujifunga kama mlango. Wataalamu walimtambua kuwa namna ya peke yake mwaka 1986, kutokana na kobe wa Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa.

3. Kobe wa vidimbwi. Naye hukunja shingo kando, lakini tumbo lake halina bawaba. Hupenda vidimbwi vya mvua; maji yakikauka hujifukia topeni.

4. Kobe wa nchi kavu. Mgongo wake umeinuka, na miguu yake ni kama ya ndovu. Usimtupe ziwani, atakufa maji.

Faida ya kujua haya ni nini? Kobe wa kwanza akipungua hapa, wako wengine Naili. Lakini makao ya wa pili yanayojulikana ni ziwa hili; akitoweka hapa, tutamtafuta wapi?

Basi, ndugu mvuvi, kagua nyavu zako mapema, kwa maana kobe huvuta hewa, na akinaswa chini ya maji kwa muda mrefu hufa. Mwenye gamba laini mshike nyuma kabisa, kwa kuwa shingo yake ni ndefu naye huuma sana. Mayai yaliyofukiwa mchangani yaache. Kumbuka pia kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2013 yakataza kuwinda wanyama wa pori kwa ajili ya nyama. Mtambue, mfungue, mrudishe majini.