SOMO LA UFUNDI: KUZIBA BODI YA FAIBA ILIYOPASUKA



Wanachama kadhaa wametuomba tuandike juu ya bodi za faiba. Baadhi yao wamechangiana kununua gari kuukuu la kubebea mazao siku ya soko, na bampa au madigadi imepasuka. Wengine ni madereva na matingo wa malori ya mashamba, ambao huamriwa kuziba boneti baada ya saa za kazi bila kufundishwa lolote. Somo hili ni la wote. Tutaanza na kazi ya mikono, kisha tuseme juu ya haki, maana katika kazi hii mambo hayo mawili hayaachani.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa katika gundi iitwayo rezini ya poliesta. Rezini ikitiwa dawa ya kugandisha, ambayo mafundi huiita hadina, huwa ngumu na hairudi tena kuwa maji. Si jambo jipya: gari la Chevrolet Corvette lilitoka Marekani mwaka 1953 likiwa na bodi ya namna hiyo. Kumbukeni kwamba nguvu imo katika nyuzi, na kazi ya rezini ni kuzishika tu. Mtu anayemwaga rezini nyingi akidhani anaimarisha kiraka anajidanganya, kwani rezini tupu huvunjika kama chungu.

Kabla ya kutoa hela dukani, hakikisha kitu chako ni faiba kweli. Bampa nyingi za magari ya siku hizi ni za plastiki, na rezini haishiki plastiki hiyo. Utaziba leo, kesho kiraka kitabanduka chote kama gamba. Geuza kipande utazame upande wa ndani. Faiba huonyesha nyuzi, nao upande huo huwa wa kukwaruza. Ukipiga tupa ukingoni, faiba hutoa unga, bali plastiki hutoa vinyuzi vya kujikunja. Ukiona herufi PP zimechapwa kwa ndani, ujue ni plastiki, tafuta njia nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya kazi ni kukwangua, na hapo ndipo wavivu hushindwa. Rezini mpya haiungani na ile kuukuu kama maji na maji, hushika mikwaruzo. Basi osha kwanza grisi na matope, acha pakauke kabisa, ndipo ukwangue rangi na ngozi ya juu kwa msasa mkali, namba 40 hadi 80, mpaka uone nyuzi. Kama ni ufa, toboa tundu dogo la milimita 3 kila mwisho wake ili usiendelee kutembea. Kingo za pengo usiziache zimesimama wima. Zichonge zilale kama mteremko, upana wa mteremko uwe kama mara 12 ya unene wa bodi. Bodi ya milimita 3 itataka mteremko wa sentimita 3 na nusu hivi pande zote. Wengi huona hayo ni kupoteza faiba, lakini kiraka kisicho na mteremko ndicho kinachopasuka tena ukingoni gari likipita kwenye mashimo.

Ikiwa unaweza kufika upande wa ndani, weka kiraka huko. Kwa nje funga kadibodi ngumu au kipande cha bati kilichofunikwa nailoni, kikae kama umbo la bodi lilivyokuwa, ili rezini isidondoke.

Pima mkeka wa faiba kabla ya kuchanganya chochote. Tuchukue mfano. Mkeka wa kawaida wa gramu 450 kwa mita ya mraba, ukikata kipande cha sentimita 30 kwa 30, kina uzito wa gramu 40 hivi. Vipande vitatu ni gramu 120, navyo vitakupa unene wa karibu milimita 3. Rezini inayotakiwa ni mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mkeka, yaani gramu 240 hadi 300. Hadina ni asilimia 1 hadi 2 ya rezini. Katika joto letu anza na asilimia 1, yaani mililita 3 kwa gramu 300. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usikadirie kwa jicho. Ukizidisha, rezini itachemka na kupasuka. Ukipunguza mno, haitaganda hata wiki ipite. Usitumie kikombe cheupe cha povu kwa kuchanganyia, kwa sababu rezini hukiyeyusha. Kopo safi la bati linafaa.

Baada ya kutia hadina una dakika 15 au 20 hivi, na juani ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo fanya kazi kivulini na kila kitu kiwe tayari kimekatwa. Paka rezini kwanza, laza mkeka, kisha gongagonga kwa brashi mpaka weupe wake uishe na uonekane kama karatasi iliyoingia mafuta. Usiuvute kwa brashi, nyuzi zitatawanyika. Povu la hewa likibaki ndani, hapo pana udhaifu. Kipande cha kwanza kiwe kidogo, cha pili kikubwa zaidi, cha tatu kifunike mteremko wote. Juu ya cha mwisho laza nailoni, maana rezini inayoguswa na hewa hubaki ikinata. Iache mpaka kesho yake. Kupiga msasa, kupaka puti na kupulizia rangi ni kama kwa bodi ya bati, sina la kuongeza, ila usitumie puti kujaza shimo ambalo halina mkeka nyuma yake. Tena kiraka cha nyumbani si cha mahali pa kufungia kiti wala ndoano ya kuvutia gari.

Sasa sikilizeni juu ya hatari, na hapa sitaki mtu aruke mistari.

Hadina hii ndiyo adui mkubwa. Tone moja likiingia jichoni laweza kulipofusha. Nilipokuwa mjumbe wa wafanyakazi nilimwona kijana wa gereji ya shamba moja akifungua chupa yake kwa meno, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na rezini. Hakuwa na miwani wala glovu, na msimamizi alikuwa amesimama pale pale akihesabu malori. Ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi muda usiopungua dakika 15, jicho likiwa wazi, kisha nenda hospitali upesi. Kwa hiyo ndoo ya maji iwe karibu kabla ya kufungua chupa.

Kuna tena dawa ya rangi ya zambarau iitwayo kobalti, ya kuharakisha kuganda. Rezini nyingi huuzwa ikiwa imekwisha kutiwa. Ukiuziwa mbali, itie katika rezini kwanza, koroga sana, ndipo utie hadina. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe hulipuka.

Harufu kali unayoisikia ni ya stairini. Huleta kichwa kuuma na usingizi, hushika moto upesi, na mwaka 2018 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka miongoni mwa vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Basi fanya kazi nje, si jikoni, si chumbani wanakolala watoto, na sigara iwe mbali. Kitambaa cha puani huzuia vumbi la kioo wakati wa msasa, lakini hakizuii mvuke. Mvuke hutaka barakoa yenye kichujio cha makaa.

Anayefanya kazi hii nyumbani hujinunulia glovu na miwani. Anayeifanya kwa mwajiri asinunue. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mkataba namba 170 wa mwaka 1990 unataka kemikali ziwe na maandishi ambayo mfanyakazi anaweza kuyaelewa. Tangu mwaka 2022 mahali pa kazi palipo salama ni mojawapo ya haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama wa shirika hilo inapaswa kuziheshimu. Huku kwetu Uganda tunayo pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Mwajiri akikata bei ya glovu katika mshahara wako, leta karatasi ya mshahara kwa mjumbe wa tawi. Akikuamuru ukoroge rezini ndani ya stoo iliyofungwa madirisha, mweleze mjumbe siku hiyo hiyo, usingoje mkutano wa mwezi.

Rezini iliyobaki ikiwa na hadina, usiiache imejaa ndani ya kopo, maana hupata moto yenyewe mpaka ikatoa moshi. Imwage iwe nyembamba juu ya bati nje, au tia maji juu yake, igande huko. Hadina iliyobaki ikae katika chupa yake ya dukani, mahali pa baridi, mbali na jua na mbali na kopo la rezini. Usiimimine kamwe katika chupa ya soda. Ni maji meupe kama maji ya kunywa, na mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.