Sabufa ya Mjomba: Hesabu za Mdundo Katika Ukumbi Mkubwa

Likizo iliyopita, wakati wengine mnasubiri matokeo ya UE na wengine mnajipanga na sapu, mimi nilikuwa kwetu Kinole nimekunja suruali, napima mbao. Mjomba wangu ana kibanda umiza. Ni ukumbi wa tofali wenye urefu wa mita 12, upana 7, kimo 3, paa la bati. Mchana ni filamu zilizotafsiriwa, usiku mpira. Kwa hela ya karafuu alishuka mjini Morogoro akanunua sabufa ya dukani, boksi limeandikwa maelfu ya wati. Ikanguruma siku tisa. Ya kumi ikatoa harufu ya kuungua katikati ya filamu, na watu wakadai kiingilio chao. Kwa sisi Waluguru mjomba si mtu wa kukataliwa. Aliponiuliza, "Wewe si unasoma uhandisi?" sikuwa na pa kutokea.

Tuanze na zile wati. Zinaitwa PMPO, na maana yake halisi ni "andika unachotaka". Geuza kifaa usome nyuma kinakula umeme kiasi gani. Kama kinakula wati 60, hakiwezi kutoa 5,000 mfululizo, labda kwa uchawi.

Lakini hata wati za kweli si jibu. Sauti nzito ni hewa inayosukumwa. Spika ya ile sabufa ilikuwa ya inchi 6 na nusu, na karatasi yake ina eneo la kama sentimita za mraba 130. Spika ya inchi 12 ina kama 500. Ili ile ndogo isukume hewa sawa na kubwa, lazima itembee karibu mara nne zaidi: kubwa ikienda milimita 5, ndogo iende 19. Haiwezi. Koili inatoka kwenye sumaku, umeme unageuka joto, na hapo ndipo harufu. Ubaya zaidi, kila ukishuka nusu ya masafa, mfano kutoka hezi 80 hadi 40, karatasi inatakiwa kutembea mara nne ili sauti ibaki ileile. Sebule ya mita 4 kwa 4 yenye kimo cha 2.7 ina mita za ujazo 43. Ukumbi wa mjomba una 252, tena madirisha wazi.

Tukanunua spika mbili za inchi 12, za omu 8 kila moja, na kila moja tukaijengea boksi lake la plaiwudi ya milimita 18. Kwa ndani ni sentimita 50 kwa 50 kwa 40, yaani lita 100. Boksi lenye bomba linafanya kazi kama chupa unayoipuliza mdomoni: hewa iliyo ndani ya bomba inacheza juu ya hewa ya boksi kama uzito juu ya springi. Neville Thiele wa Australia alizipanga hesabu hizi mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Kwa lita 100 na mlio wa hezi 35, bomba moja la PVC la inchi 4 linatakiwa kuwa na urefu wa kama sentimita 12. Nilipolijaribu, hewa ilikuwa inafoka kama pancha. Nikaweka mabomba mawili, na hapo urefu wa kila moja ukapanda hadi 31. Wengi wanakosea hapa: wanaongeza bomba bila kulirefusha, mlio unapanda, besi inakuwa ya ngoma ya plastiki. Na chini ya hezi 35 boksi haliizuii tena karatasi, kwa hiyo weka kichujio cha kukata masafa ya chini, la sivyo mlipuko mmoja wa filamu unaichana.

Siku ya kwanza mdundo ulikuwa dhaifu. Nikawasha udi, nikapitisha moshi kwenye viungio huku spika inacheza. Pale waya unapoingilia, moshi ulikuwa unarukaruka. Silikoni ikamaliza kazi. Spika zenyewe niliziunga sambamba, zikawa omu 4, ambazo ndizo mwisho wa amplifaya yetu. Zingekuwa za omu 4 kila moja, tungefika 2 na kuunguza kitu kingine.

Tulianza kwa kuyabananisha maboksi kwenye kona. Waliokaa ukutani waligongwa vifua, na wa benchi la karibu na dirisha wakauliza kama tumezima. Gawanya kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, kwa upana wa mita 7: unapata hezi 49. Kwa masafa hayo kuna kimya mita 1.75 kutoka kila ukuta wa pembeni, na benchi lilikuwa hapohapo. Dawa ni kuyaweka maboksi yenyewe ukuta wa mbele, kila moja mita 1.75 kutoka pembeni. Spika iliyo mahali pa kimya haiwezi kuliamsha wimbi hilo. Tulipoteza nguvu kidogo ya kona, ila benchi likanyamaza. Bati nalo lilikuwa linalia, tukakata vipande vya tyubu ya baiskeli tukaviweka chini ya misumari iliyolegea.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni mlima. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, tofali halilisumbui. Bibi mmoja wa mteremko wa ng'ambo alikuja kusema usiku moyo wake unagongwa na mtu asiyemwona. Mjomba alitaka kubisha. Nikamwambia kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, na kwamba bibi ana haki hata bila kanuni. Tukapaka rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti: ikifika saa nne usiku hakivuki alama.

Siku ya Simba na Yanga kilivuka. Asubuhi mjomba alipanda ng'ambo na mkungu wa ndizi begani.