Kukanda kwa Joto: Faida na Hatari Zake

Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Mimi siwapingi wahenga, lakini methali hiyo nusura imtie nyanya yangu kilema. Hebu tega sikio.

Hapa kwetu Kapkatet tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi huwa na baridi kali. Baridi hiyo ikikutana na mgongo wa mchumaji wa chai, ni kilio. Kutwa nzima mchumaji huinama, akachuma majani mawili na chipukizi, akatupia kikapuni mgongoni. Si porojo hizi. Katika miaka ya 2020, madai ya wachumaji wa Kericho kwamba kazi hiyo iliwaumiza migongo yalifika hadi mahakama ya Edinburgh, Scotland. Nyanya alichuma chai kwa miaka mingi, na dawa yake ilikuwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto.

Kukanda si jambo geni. Neno hilo hilo tunalotumia kwa unga wa chapati ndilo tunalotumia kwa mwili. Kuchua ni kusugua misuli, ilhali kukanda ni kubonyezabonyeza, mara nyingi kwa kitu chenye joto. Kule pwani, mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto katika siku zake arobaini.

Siku hizi zimeingia mashine ndogo za umeme za kushika mkononi, zinazotetema na kutoa joto. Nyumbani tuliiita "mashine ya kukanda". Mimi napendekeza kwa wanachama wenzangu jina "kikandio", kama vile kitu cha kukanyagia kinavyoitwa kikanyagio. Mwalimu atusahihishe.

Je, kikandio hufanya kazi vipi? Ndani mna mota yenye kipande kizito upande mmoja. Ikizunguka huyumba, na kule kuyumba ndiko kutetema. Mna pia waya unaopata moto umeme unapopita, sawa na pasi. Joto hupanua mishipa ya damu, damu ikaongezeka mahali hapo, na msuli uliokaza ukalegea. Isitoshe, mwaka 1965 wataalamu Melzack na Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango. Habari za mguso zikijaa langoni, habari za maumivu hupungua. Ndiyo maana ukijigonga kiwiko, mkono mwingine hukimbia kukisugua! Lakini kumbuka, joto hutuliza tu. Haliondoi mzigo ulioleta maumivu.

Sasa nije kwenye kisa changu. Mjomba alituletea kikandio kutoka Nairobi. Nyanya anaugua ugonjwa wa sukari, na jioni moja alilalamika kwamba miguu yake ni baridi. Nikachomeka waya ukutani, nikaanza.

"Nyanya, inachoma?"

"Sisikii kitu, mjukuu wangu. Ongeza."

Nikaongeza. "Na sasa je?"

"Bado."

Basi nikaongeza hadi mwisho, nikakiegemeza kwenye kisigino chake, nikarudi kwenye vitabu vyangu. Asubuhi kisigino kilikuwa na lengelenge kubwa kama yai. Kumbe "sisikii kitu" haikuwa na maana ya "haina moto". Sukari ilikuwa imeharibu neva za miguu yake, hata akaungua bila kujua. Kidonda kilikaa wiki saba. Daktari alituambia waziwazi kwamba kidonda cha namna hiyo kikioza, mguu huweza kukatwa. Nyanya hakunikaripia hata siku moja. Heri angalinikaripia.

Tena msidhani ni lazima kitu kichemke ndipo kichome. Mwaka 1947 watafiti wa Marekani, Moritz na Henriques, walionyesha kwamba kitu chenye nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde 5 hivi, na chenye nyuzi 44 tu huunguza kikikaa saa 6. Kwa hivyo hata joto unalolionea raha huchoma likisahaulika.

Yafuatayo ndiyo niliyojifunza:

1. Pima joto kwa ngozi yako mwenyewe, upande wa ndani wa mkono, wala si kwa jibu la mgonjwa peke yake.
2. Weka kitambaa katikati. Dakika 15 hadi 20 zatosha, na usilale nacho.
3. Usikande kwa joto mahali palipokufa ganzi, penye kidonda, wala miguu ya mwenye sukari.
4. Mguu ukiteguka uwanjani, siku mbili za kwanza tumia kitambaa cha maji baridi. Joto huzidisha uvimbe.
5. Mguu mmoja ukivimba na kuuma bila sababu, usiukande kamwe. Huenda damu imeganda ndani, na donge likibanduka huua. Nenda hospitali.
6. Ukiungua, mwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi.

Siku hizi nyanya namkanda mgongo kwa mikono yangu, na miguu yake naivisha soksi za sufu. Kila jioni, kabla hajazivaa, naikagua nyayo hadi nyayo kwa tochi. Yeye hucheka, ati mjukuu wake amekuwa daktari.

Zoezi

(a) Taja vitenzi viwili vinavyokaribiana maana na "kanda", kisha ueleze tofauti zao.
(b) "Sisikii kitu." Sentensi hii ina maana ngapi? Tunga sentensi nyingine mbili zenye utata kama huo.
(c) Leo jioni, nani nyumbani kwenu hujamkagua miguu?